Bendera ya Buluu

Ya chungwa ikipanda, subiri kidogo: mashua itapita.
Ya buluu ikipanda, tafuta pa kukaa.
Kila mtoto wa Willemstad analijua hilo
kabla hajajua kufunga kamba za viatu.
Wageni hatuwaambii. Wageni hawaulizi.
Wao hutazama nyumba za njano na za waridi
wakasema zinafanana na keki.

Mimi ndiye mwendesha daraja.
Mwaka wa ishirini na tisa huu, kibandani mwangu,
kengele moja, injini, redio inayokoroma.
Daraja letu halikusimama juu ya nguzo; linaelea,
na meli ikitaka njia nalivuta kando
kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake
kumpisha asiyemjua.

Alhamisi redio ikasema: meli ya mafuta, ndefu, inaingia.
Saa kumi na dakika arobaini.
Nikapiga kengele. Nikapandisha buluu.

Ndipo nikawaona, upande wa Punda.
Mume mbele, kofia mkononi, soksi zimeteremka,
mke hatua arobaini nyuma, amekumbatia
mfuko wa pastechi uliolowa mafuta.
Mzee akaruka pengo. Kweli, aliruka!
Akatua kwangu juu ya mbao kama gunia la viazi,
akageuka kumpa mkewe mkono,
na mkono ukakuta hewa.

"Orville!"
Hilo tu lilinifikia. Mengine upepo uliyala.

Tulipolala kando ya Otrobanda nikamwonyesha kwa kidole:
kimbia, mzee, ngazi haijakunjwa.
Meli yao ikalia, mlio wa kutikisa vikombe kabatini.
Kule juu, sitahani, watu walijipanga na bilauri zao,
simu zimeinuliwa, wanapiga makofi.
Ndiyo tamasha lao la jioni,
kuwatazama wenzao wakihema.
Kijana mmoja alifika na kiatu kimoja.
Wakamshangilia kama mshindi.

Orville hakukimbia.
Alitazama meli. Alitazama ng'ambo.
Sitasema hakusita. Alisita;
nilihesabu, maana kuhesabu ndiyo kazi yangu:
pumzi sita, labda saba.
Kisha akaketi mlangoni pangu,
akavua saa yake ya mkono, akacheka vibaya.
Walichelewa, nilikuja kuelewa,
wakiitia saa ileile betri mpya.

Siku binti yangu Ruthsela alipopanda ndege kwenda Rotterdam
nilikuwa hapahapa, buluu juu, zamu haijaisha.
Hatua zake sikuzihesabu.
Sijui kama alisita.

Meli ya mafuta ikapita katikati yao,
ukuta wa chuma na kutu, taratibu, bila haya,
ikamfuta mke, ikaifuta Punda na keki zake zote.
Ilipokwisha, pale ukingoni hapakuwa na mtu.
Mzee akasimama. Uso wake siwezi kuusema.

Kumbe yuko kwenye ponchi, kivuko chetu cha bure,
wima kati ya wanafunzi na baiskeli,
mfuko bado kifuani.

"Ungeniacha?" akamwuliza alipofika.
"Karibu," akasema mume.
Mke akatikisa kichwa kama mtu
aliyerudishiwa chenji kamili.

Gilmar, wakala wa bandari, akawaletea pasi zao ndani ya bahasha,
hana haraka, kama aliyezoea, na amezoea.
Meli yao ilikuwa imeshageuka mdomoni mwa bandari,
ghorofa kumi na nne za taa,
na ndani yake dawa za shinikizo, gauni la Ijumaa,
kitanda kilichokunjiwa taulo umbo la bata.
Wakala pastechi. Zilikuwa za jibini, zimepoa.
Wakanipa moja.

"Hufunguka mara ngapi kwa siku?" mke akaniuliza,
akipapasa mbao zangu kwa kiatu.
"Mara thelathini, ikizidi."
"Na kufungwa?"
"Mara zilezile, mama."

Nikashusha buluu.
Watu walikuwa wameshajaa, pande zote mbili.